Wiki Mama Alipopata Job

Mwezi uliopita nilikuwa natuma mzigo wa vitabu kwa rafiki yangu Songea, na kijana wa kufunga mizigo pale Kariakoo akakunjua salfeti mpya, gunia la plastiki, karibu na uso wangu. Harufu yake, ile ya plastiki ambayo bado haijashikwashikwa, ikanipiga puani nikasahau nilichokuwa nataka kusema. Wenzangu wa rika langu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya vitumbua au ya mvua ya kwanza. Mimi nakumbuka kwa salfeti. Kijana akatumbukiza vitabu vyangu, akazungusha soletepu mara tano, akaandika jina la mpokeaji na kuniambia, "Tayari, dada." Nikamkodolea macho. Hakuwa ameniuliza ndani mna nini! Nilitaka kumweleza kwamba mama yangu angemnyang'anya mzigo huo papo hapo, lakini nyuma yangu watu walikuwa wengi, na mimi sifa ya ukorofi ninayo tayari, kwa hiyo nikalipa nikaondoka.

Mama yangu alikuwa mfungaji wa mizigo. Naiandika sentensi hiyo nimenyoosha mgongo.

Alikaa kwenye baraza la duka la vyombo, mtaa mmoja kabla hujaingia Gerezani. Wafanyabiashara kutoka mikoani walikuwa wanazunguka maduka kumi, kumi na tano, hapa wamenunua khanga, pale vikombe, kule sabuni na ndala, na mwisho wa mzunguko vitu vyote viliishia kwake. Yeye ndiye aliyejua vikombe vilale wapi ili visivunjike njiani, na sabuni ikae mbali na nguo kiasi gani. Akishapanga, alishona mdomo wa salfeti kwa kamba ya manila na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo yake ilikuwa na urefu wa kiganja. Kwa sababu ya sindano hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Shazia. Wageni wakadhani Shazia ndilo jina langu, wakawa wananiita hivyo, na mimi nikawa naitika. Tulikuwa wawili tu. Alitoka Newala kumfuata baba, baba akatangulia mbele ya haki nikiwa na miaka minne, na tangu hapo shazia ndiyo iliyotulisha na kuninunulia sare za shule.

Mama alikuwa na mambo mawili ambayo hakuna mfungaji mwingine aliyekuwa nayo, na hapa ndipo najisifu bila haya. La kwanza ni mshono wake. Alikwenda hatua mbili mbele na kurudi moja nyuma, na mwishoni, kwenye pembe ya kushoto, alifunga fundo la mizunguko mitatu ambalo mimi mwenyewe nilijifunza miaka minne bila kulipata. Mzigo ukifunguliwa njiani na mwizi na kushonwa tena, mwenyewe angejua, kwa sababu fundo lile halikuigika. Nasikia huko Tunduru watu walikuwa wakipokea mzigo wanaanza kupapasa pembe ya kushoto kabla hata ya kumsalimu aliyeuleta.

La pili ni kwamba hakushona asichokiona. Mwenye mali alitakiwa kukitaja kila kitu kwa sauti kinapoingia, na mama amjibu. "Vikombe dazeni tatu." "Nimeona." "Khanga doti ishirini." "Nimeona." Mteja akiwa na haraka na kusema, "We funga tu, dada, nimeshahesabu mwenyewe," mama aliweka shazia chini, akakunja mikono, akatazama magari yanayopita mpaka yule mtu achoke na kuanza kutaja. Niliufahamu wimbo huo wa nimeona, nimeona kabla sijafahamu kusoma. Nilidhani watu wazima wote hufanya kazi hivyo.

Nilipofika darasa la tano tukapata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Kessy, kijana wa Rombo mwenye mashati mawili yaliyopigwa pasi vikali. Kila Jumatatu aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana, akatueleza tofauti yake, na Jumatatu iliyofuata kila mmoja alisimama na sentensi zake. Tulianza na hear na listen. Zikaja house na home. Nilikuwa nazipenda Jumatatu hizo kuliko kitu chochote pale shuleni, kwa sababu nilikuwa hodari na nilijua kwamba ni hodari.

Halafu akaandika job na work.

Work, alisema, ni kazi yoyote. Kuosha vyombo ni work, kulima ni work, kufuta ubao ni work. Job ni ile ambayo umeajiriwa: una bosi, una mshahara wa mwezi, una mahali pako pa kukaa. "Work ikimalizika imeisha," alisema, "lakini job inakungoja kesho. Mtu anaweza kufanya work kutwa nzima na asiwe na job." Jumatatu ijayo tungetaja sentensi mbili kuhusu mzazi wetu, moja ya job na moja ya work. Mwalimu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka tuelewe, basi, na mimi nikaelewa kupita kiasi.

Nilichokielewa ni kwamba mama hana job. Sikuona aibu kwanza, niliona hofu. Kila jioni alipochomeka shazia kwenye kitambaa chake alisema, "Haya, kazi imeisha," na mimi siku zote nilikuwa nafurahi kusikia hivyo maana tunaenda nyumbani kula. Jioni ile aliposema hivyo sikufurahi. Imeisha! Na hakuna inayomngoja kesho! Nilishakata shauri kwamba job ni kitu kinachotolewa, pengine ni karatasi, na kwamba zinatunzwa kwenye yale maghorofa ya Posta nyuma ya milango ya vioo, na kwamba mama alikosa kwa sababu tu hakwenda kuomba.

"Mama," nikamwuliza tukiwa tunapika, "wewe una job?"

"Job ndiyo nini?"

"Kazi."

"Na hii ninayofanya ni nini?"

"Hiyo ni work."

"Na work ndiyo nini?"

Nikafikiri sana. "Kazi."

Mama akafunika sufuria. "Basi hao Waingereza wanapenda kujisumbua. Nipe chumvi."

Sikumpa chumvi. Nilianza kulia, na kilio changu cha utotoni hakikuwa cha mchezo. Wapangaji wenzetu walikuwa wakikisikia wanafunga milango. Nikamweleza yote, la bosi, la mshahara, la mahali pa kukaa, na kwamba Neema ninayekaa naye dawati moja baba yake ana job Posta, na kwamba Jumatatu nitasimama mbele ya darasa na sentensi moja tu wakati wenzangu wana mbili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia. Akainuka, akachukua chumvi mwenyewe.

Sasa, kulikuwa na mwenye duka la jumla la khanga na vitenge, mtaa wa pili, tukimwita Baba Nasri. Huyu kwa zaidi ya mwaka alikuwa akimbembeleza mama aje afungie mizigo dukani kwake peke yake, kwa mshahara. Alijua anachokitaka. Wateja wa mbali waliuamini mshono wa mama, na duka lenye mshono huo lingewavuta. Mama alikuwa akimjibu kwa kicheko kila mara. Jumatano ya wiki ile alipopita tena barazani, mama hakucheka. Alinitazama mimi kwanza, nikiwa na sare yangu pembeni yake namenya chungwa, kisha akamwambia, "Haya, bosi. Kesho nakuja."

Nilirukaruka mpaka chungwa likaanguka.

Alhamisi jioni alirudi na koti la bluu lenye jina la duka mgongoni. Niliomba kulivaa, nikaambiwa nioge kwanza. Alikuwa na kiti cha kuegemea, alisema, na feni, na chai ya saa nne iliyoletwa na mtu mwingine. Nikamwuliza kama ni kuzuri. Akasema feni ni nzuri. Kisha akaniambia, kama mtu anayejisemea, kwamba pale salfeti zinamfikia zimeshajazwa na vijana wa stoo, mdomo umekunjwa, yeye ni kushona tu. Asubuhi alimwuliza Baba Nasri, "Nani ameona vilivyoingia?" na Baba Nasri akamjibu, "Vijana wameona, Mama Shazia. Wewe shona." Akashona. Nilisikia maneno hayo na hayakunishtua. Ijumaa nilikwenda shuleni nikamwambia Neema kwamba mama yangu naye ana job, ana bosi na ana feni, na kabla ya mapumziko darasa zima lilikuwa na habari. Feni niliitaja kila mara.

Jumamosi mchana nilimpelekea chakula. Nilitaka pia kukiona kile kiti. Nikamkuta amekaa na koti lake, ametoka kumaliza mzigo mkubwa wa khanga, fundo la mwisho limekazwa, na mimi nikasimama kando ya meza nikimtazama kwa raha zangu zote. Wakati huohuo akaingia Bi Somoe wa Tunduru. Bi Somoe alikuwa mteja wa mama tangu mimi sijazaliwa, mama mnene, mcheshi, aliyekuwa na sauti ya kusikika mtaa wa tatu. Mzigo ule ulikuwa wake. Alinunua doti arobaini asubuhi, akaenda kwenye mambo yake mengine, na sasa basi lilikuwa linamngoja.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, Shazia mdogo! Kumbe mama yako siku hizi ni mtu wa ofisini." Akainama, akapapasa pembe ya kushoto ya mzigo, akalipata fundo, akatabasamu. Baba Nasri akamwuliza kama anataka kufungua ahakikishe. "Nifungue nini?" akasema Bi Somoe. "Akishashona huyu, mimi nalala usingizi mpaka Tunduru. Niitieni mtu wa kubeba."

Nikamtazama mama, nikidhani atacheka kwa sifa ile. Hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na shazia bado ilikuwa mkononi.

"Bi Somoe, ngoja," akasema.

"Ningoje nini, basi linaniacha."

"Sikuona."

"Hukuona nini?"

"Sikuona vinavyoingia."

Mama alitoa wembe, akapiga magoti, akalikata lile fundo la mizunguko mitatu. Nilikuwa sijawahi kumwona akikata mshono wake mwenyewe. Baba Nasri alisema, "Mama Shazia, unafanya nini? Mama Shazia!" na yeye akawa anafumua, hatua mbili nyuma, moja mbele, mpaka mdomo wa salfeti ukafunguka.

"Taja," akamwambia Bi Somoe.

Bi Somoe hakusema tena habari ya basi. Alianza kutoa doti moja moja na kuzitaja, na mama akawa anamjibu, "Nimeona," kila moja, kwa sauti ileile ya barazani. Zikaishia thelathini na nne.

Sita zilizobaki zilikutwa stoo, nyuma ya maboksi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ni wizi wa kijana mmoja au ni haraka ya Jumamosi, na mama hakupenda kulizungumza. Alisema si yeye aliyekuwa stoo, kwa hiyo hawezi kumsingizia mtu. Baba Nasri mwenyewe alitoka jasho. Aliomba radhi kwa Bi Somoe mara tatu, akamwongezea doti moja ya bure, kisha akamgeukia mama na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ungeniita pembeni. Mbele ya mteja namna hii? Umeniaibisha dukani kwangu."

"Kweli, bosi, nimekuaibisha. Nisamehe," mama akasema. "Lakini yeye hakuliamini duka, aliamini mkono wangu. Na mkono wangu haukuona kitu."

Akavua lile koti la bluu. Akalikunja vizuri, mikono ndani, jina juu, akaliweka mezani. Halafu wakautoa mzigo nje, yeye na Bi Somoe, wakaupanga upya pale pale kando ya barabara, watu wakiruka miguu yao, doti arobaini na ile ya bure, zote zikatajwa, zote zikaonekana. Basi lilikuwa limeshaondoka. Bi Somoe alisema atapanda la kesho, hana haraka ya kufika Tunduru kusikiliza ugomvi wa mawifi zake, na alipoagana na mama aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akakaa nao muda mrefu bila utani wowote. Sikuwahi kumwona Bi Somoe akikaa bila utani.

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la wali uliopoa. Tulipokuwa tunaenda nyumbani nikamwuliza, "Mama, na job?"

"Nimeirudisha," akasema.

Siku ile nilimkasirikia, sitaficha. Nililala nimempa mgongo. Nilikuwa nimewatangazia watoto arobaini habari za feni, na sasa feni hakuna. Jumapili nzima nilizunguka na mawazo ya uongo. Hakuna aliyejua pale shuleni. Ningesimama tu, niseme mama yangu ana job kwenye duka la jumla, nikae chini, dunia isingeanguka. Niliitunga sentensi hiyo kwa Kiingereza nikiwa nafua soksi zangu, ikawa nzuri kabisa, haina kosa. Kila nilipoikariri nilimwona mama amepiga magoti na wembe, watu wazima wote wamemkazia macho, bosi anamwita jina, na yeye anaendelea kufumua. Na nikagundua, povu likiwa limefika kwenye viwiko, kwamba lile joto lililokuwa kifuani mwangu tangu jana nililoliita hasira halikuwa hasira. Nilikuwa namjivunia mama. Nilimjivunia mpaka nikaogopa, kwa kuwa sikujua mtu anaweza kujivunia jambo ambalo pia amelililia.

Jumatatu Mwalimu Kessy alianzia mbele. Neema akasema sentensi zake mbili za baba yake, akapigiwa makofi. Ilipofika zamu yangu nilisimama, na Neema akaninong'oneza, "Sema na feni."

Sikuitaja feni. Nilisema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba mama yangu alipata job kwa siku tatu, na akaiacha kwa sababu ilikuwa inamharibia work yake.

Watoto wakacheka. Walicheka kweli, wengine wakapiga madawati. Mwalimu Kessy hakucheka. Aliniomba nirudie, nikarudia, kwa sauti zaidi. Akaniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa akilifanya katika kipindi chake, "Iliiharibuje?" Nikamweleza kuhusu fundo, na nimeona, na doti thelathini na nne. Niliposema mama alikata mshono wake mwenyewe, kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Mwalimu akachukua chaki. Kisha akaiandika sentensi yangu ubaoni, yote, chini ya yale maneno mawili, akatuambia tuinakili kwenye madaftari, akasema kwamba yeye mwenyewe wiki iliyopita hakutueleza vizuri kiasi hicho. Watoto arobaini waliinamisha vichwa wakamwandika mama yangu. Nilikaa chini taratibu sana, nisije nikaharibu kitu.

Jioni nilikimbia mpaka barazani nikamkuta anashona. Nikamweleza bila kuvuta pumzi, tangu Neema mpaka madaftari. Nilitaka alie kidogo, au angalau aniache nimkumbatie. Aliendelea na mshono mpaka akafika kwenye pembe.

"Uliwaambia job yenyewe nilikaa nayo siku ngapi?" akauliza.

"Tatu."

Mama akainua macho. "Alhamisi moja. Ijumaa mbili. Jumamosi niliondoka mchana. Ni mbili na nusu hizo, mwanangu. Usiniongezee."

"Mama, ni nusu siku tu!"

"Na wameshaandika?"

"Wameshaandika wote."

"Basi kesho waambie wafute."

Nilidhani anatania. Nilimsubiri acheke. Akachukua salfeti nyingine, akaikung'uta, na kesho yake asubuhi, kabla Mwalimu Kessy hajafungua kitabu chake, nikanyoosha mkono.